Wauguzi haturuhusiwi kugoma: chama cha wafanyakazi kitatusaidia nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi katika hospitali binafsi Kanda ya Ziwa. Wauguzi tuko 64. Zamu zetu ni za saa 12, nne kwa wiki, na mwenzetu akiugua zinakuwa tano. Posho ya usiku hakuna, tunaambiwa imo ndani ya mshahara. Usiku unaweza kubaki peke yako kwenye wodi yenye wagonjwa thelathini na kitu. Mwezi uliopita walikuja viongozi wa chama cha wafanyakazi wakatugawia fomu, makato ni asilimia 2 ya mshahara. Tumegawanyika. Wengine wanasema TANNA, chama cha kitaaluma cha wauguzi Tanzania, tunayo, inatosha. Wengine wanasema sisi ni huduma muhimu, hatuwezi kugoma, kwa hiyo chama chetu kitakuwa kibogoyo tu. Inchaji wetu, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, ameambiwa yeye ni menejimenti, asijaze. Na mimi naogopa kufukuzwa. Mshahara wangu wa msingi ni 780,000. Unanishauri nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana ndani yake kuna maswali manne na hesabu moja. Nianze na hesabu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina jedwali la kupata ujira wa saa moja: unagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa saa 45 za kawaida za wiki. Kwa 780,000 inakuja shilingi 4,000 kwa saa. Sheria hiyohiyo inasema kila saa unayofanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwako ni shilingi 200. Ukiingia saa 1 usiku ukatoka saa 1 asubuhi, saa 10 za hapo katikati zinahesabika za usiku, yaani 2,000 kwa zamu. Zamu 10 kwa mwezi ni 20,000. Hao wanaosema "imo ndani ya mshahara", waombe wakuonyeshe ilipoandikwa. Kama mkataba wako na salari slipu vina mstari mmoja tu wa mshahara, mstari huo ndio msingi wenyewe, na nyongeza bado hujalipwa.

Sasa weka hiyo 20,000 kando ya makato ya chama, ambayo kwako ni 15,600. Usikimbilie kusema chama kimeshajilipa. Hiyo 20,000 ni haki yako chama kiwepo kisiwepo. Na tukisema ukweli, ni pesa ndogo: usiku mzima wa kupima presha, kubadilisha dripu na kukimbizana na ndugu wa wagonjwa, halafu 2,000, ambayo kwa wengi wetu haitoshi hata bodaboda ya kurudi nyumbani. Sheria inataja kiwango ambacho mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake. Haikutaja kinachostahili. Hicho kinatafutwa mezani.

Twende kwenye saa. Sheria inaruhusu zamu ya hadi saa 12, muda wa chakula ukiwemo, bila kulipa ovataimu kwa saa zilizozidi 9 za siku, ila lazima kuwe na makubaliano ya maandishi, na kwa wiki zisizidi siku 5, saa 45 za kawaida na saa 10 za ziada. Zamu nne ni saa 48. Saa 3 zinazidi, na kila moja inalipwa mara moja na nusu, yaani 6,000, jumla 18,000 kwa wiki. Zamu tano ni saa 60, na wiki hiyo imevuka mpaka hata kama ulisaini.

Lakini ukienda na hesabu hiyo ofisini, najua utakachojibiwa, kwa sababu nilijibiwa hivyohivyo. Afisa utumishi atavuta kikokotoo na kukwambia: kila zamu ina saa moja ya mapumziko, saa hiyo hatuilipi, kwa hiyo wewe unafanya saa 11 mara nne, ni 44, hudai kitu. Na kwenye karatasi yuko sahihi. Mfanyakazi akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anapewa dakika 60 za kupumzika, na mwajiri halazimiki kuzilipa.

Isipokuwa pale mfanyakazi anapotakiwa kuendelea na kazi au kuwa tayari kwa kazi wakati huo wa mapumziko. Wewe umeniambia usiku uko peke yako na wagonjwa thelathini. Unapumzikia wapi? Unakula chai yako umesimama mlangoni, sikio liko kitanda cha mwisho, kwa yule mama aliyetoka upasuaji. Saa hiyo ni ya kulipwa. Hapo 44 inarudi kuwa 48. Kwa hiyo swali la ovataimu yako, ambalo linaonekana ni la mhasibu, kumbe ni swali la wauguzi wangapi wamepangwa wodini. Ndiyo maana nasema, na wenzangu wengi kwenye chama hawakubaliani nami, kwamba muuguzi akikaa mezani na mwajiri jambo la kwanza kuomba liwe ratiba ya zamu. Mshahara uje wa pili. Rosta ikikaa vizuri, nusu ya pesa zako zinajitokeza zenyewe.

Haya yote yamo kwenye sheria, kwa nini basi usiyadai mwenyewe? Nilijaribu. Nilikuwa na miaka mitatu kazini, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, nikaandika barua nzuri ya ukurasa mmoja kuhusu saa za usiku. Niliitwa ofisini, nikaketishwa, nikapewa soda. Nikaambiwa tutalifanyia kazi. Rosta ya mwezi uliofuata ilipobandikwa nilikuta nina usiku saba mfululizo. Hakuna aliyenitukana wala kunitishia. Rosta ilisema yote.

Miaka kadhaa baadaye, hospitali nyingine, tayari nikiwa katibu wa tawi, tulilipeleka jambo lilelile kwa namna nyingine. Tulikusanya rosta za miezi mitatu za wodi zote, tukazibandika kwa gundi kwenye manila mbili kubwa. Kila usiku ambao muuguzi alikuwa peke yake tuliupaka rangi nyekundu. Hatukuandika hotuba. Tuliingia kwenye kikao, tukazitundika ukutani, tukakaa. Mkurugenzi alizitazama kwa muda mrefu, wodi ya wanaume karibu nusu ilikuwa nyekundu, kisha akamgeukia metroni, mkuu wa wauguzi, akamuuliza, "Hii ni kweli?" Metroni, ambaye tulikuwa hatujui yuko upande gani, akasema, "Ni kweli, na niliandika." Kumbe naye alikuwa ameomba watu mara tatu kwa maandishi na hajawahi kujibiwa. Kuanzia hapo kikao kiliendelea kwa lugha nyingine kabisa. Safari hii hakuna aliyepewa usiku saba, kwa sababu wangempa nani? Barua ilikuwa ya tawi.

Ngoja nikueleze jinsi tawi linavyofika kwenye kiti hicho, maana hapa ndipo watu wengi wanapotegwa. Wanachama 10 wa chama kilichosajiliwa wanatosha kufungua tawi mahali pa kazi. Kila anayejiunga anajaza fomu ya kuidhinisha makato, ile TUF 6 mliyopewa, na mwajiri akishapelekewa analazimika kukata na kupeleka kwenye chama. Tawi dogo linaweza kuwatetea wanachama wake kwenye malalamiko na kwenye vikao vya nidhamu. Lakini haki ya kujadiliana kwa niaba ya wote inakuja pale chama kinapokuwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kitengo husika cha majadiliano. Hapo kinatambuliwa kuwa wakala pekee. Chama kinampa mwajiri notisi, na mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho ili waandikiane mkataba wa kutambuana. Akikaa kimya au wakishindwana, chama kinakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na usuluhishi ukigonga mwamba, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi inaamua.

Zingatia neno "kitengo". Wewe umehesabu wauguzi 64, ukapata 33 ndiyo nusu na moja. Mwajiri anaweza kuja na hesabu yake: kitengo ni wafanyakazi wote wasio wakuu wa menejimenti, maabara, famasia, mapokezi, madereva, jikoni. Tuseme wote ni 140. Ghafla mnahitaji 71, na ninyi wauguzi wote mkijaza hamfiki. Nimeona matawi mawili yakifa kwa ajali hii, watu walishangilia mapema. Ushauri wangu ni kwamba msijitenge. Mtu wa maabara anayeitwa saa 9 usiku kupima damu ana shida zilezile za usiku, na dada wa mapokezi ndiye anayetukanwa wa kwanza. Waandikisheni. Walinzi na wafanya usafi waulizeni kwanza mwajiri wao ni nani, siku hizi wengi wako chini ya kampuni nyingine, hao hawahesabiki upande wenu wala upande wa mwajiri.

Mkishatambuliwa, mtakachosaini kinaitwa mkataba wa hali bora, au mkataba wa pamoja. Unamfunga mwajiri, wanachama, na hata wasio wanachama waliomo kwenye kitengo. Wale wenzako wanaosema "tusubiri tuone" watafaidi pia, na hili huwa linawaudhi sana waliojitoa mapema. Sheria imelitafutia dawa: chama na mwajiri wanaweza kukubaliana ada ya uwakala, ambapo asiye mwanachama anakatwa kiasi kisichozidi ada ya mwanachama, bila kulazimishwa kujiunga, na fedha hizo zitumike tu kutetea maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo. Mwambie anayesubiri kwamba huenda akakatwa 15,600 ileile huku hana kura ya kumchagua katibu.

Nije kwenye kibogoyo. Ni kweli, sheria imezitaja huduma za afya na maabara zake kuwa huduma muhimu, pamoja na maji, umeme, zimamoto na uongozaji wa ndege. Mgomo umefungwa, isipokuwa pawepo mkataba wa pamoja unaopanga huduma za chini kabisa zitakazoendelea wakati wa mgomo, na mkataba huo uidhinishwe na Kamati ya Huduma Muhimu. Mimi sijawahi kukaa kwenye tawi lililofika huko. Lakini soma upande wa pili wa kifungu. Kwa kuwa mlango wa mgomo umefungwa, mgogoro wenu wa maslahi, yaani ule wa kutaka kitu kipya ambacho sheria haikitaji, hauishii kwenye usuluhishi. Ukishindikana ndani ya siku 30 unaweza kupelekwa kwa mwamuzi wa CMA, naye anatoa tuzo inayowafunga wote wawili. Mfanyakazi wa kiwanda cha biskuti hana njia hiyo kwenye mgogoro wa maslahi. Yeye ana mgomo. Ninyi mna mwamuzi.

Na mbele ya mwamuzi kinachoongea ni karatasi. Mwajiri anawajibika kujadiliana kwa nia njema, na chama kilichotambuliwa kina haki ya kupewa taarifa zinazohitajika ili kijadiliane vilivyo. Mwajiri akisema "hatuna uwezo", mnamwomba aonyeshe. Tuliwahi kuomba idadi ya vitanda vilivyojaa kila usiku kwa mwaka mzima. Tuliipata baada ya kuvutana wiki sita, na kutoka hapo hakuna aliyerudia kusema kwamba usiku hospitali huwa tupu.

Kuhusu mgomo wenyewe, usiutamani sana. Jirani zetu Kenya, wauguzi wa kaunti waligoma kuanzia tarehe 5 Juni hadi tarehe 2 Novemba 2017, miezi mitano kasoro siku tatu, wakivutana na magavana na Tume ya Mishahara kuhusu mkataba wao wa pamoja. Miezi mitano bila mshahara ni ada ya shule ya watoto, ni kodi ya nyumba, na wodi za hospitali za serikali zilikuwa tupu. Kabla yao, madaktari wa Kenya waligoma siku 100 kwa ajili ya mkataba uliosainiwa mwaka 2013, serikali ikishikilia kwamba haukusajiliwa mahakamani. Kule mkataba hauna nguvu mpaka Mahakama ya Ajira iusajili. Kwetu unafunga tangu saini ya mwisho inapowekwa, na nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Nakala hiyo ipelekeni ninyi wenyewe mkapigiwe muhuri. Nimekutana na mkataba uliokaa kwenye droo ya mtu miaka miwili.

Sasa, mkifika mezani muombe nini? Nitakaa kidogo kwenye idadi ya wauguzi, kwa sababu sheria ya kazi haisemi kitu kuhusu wagonjwa wangapi kwa muuguzi mmoja. Hapo ni majadiliano matupu. Mfano ninaoupenda ni wa jimbo la Victoria, Australia. Mwaka 2000 chama cha wauguzi cha huko kilipeleka suala hili kwenye Tume ya Mahusiano ya Kazi, chombo cha kuamua migogoro kama CMA yetu, na kikatoka na uwiano wa muuguzi 1 kwa wagonjwa 4 mchana katika hospitali kubwa, mbali na inchaji, na 1 kwa 8 usiku. Ulikaa ndani ya mkataba wa pamoja kwa miaka mingi, serikali ya jimbo ilipotaka kuulegeza mwaka 2011 wauguzi wakaupigania upya, na mwaka 2015 ukaandikwa kuwa sheria. California walipita njia nyingine: sheria ilisainiwa mwaka 1999 kwa msukumo wa chama cha wauguzi, ikaanza kutumika Januari 2004.

Sikwambii mwende mkaombe 1 kwa 8. Mtachekwa, na watakaocheka watakuwa na sababu. Ombeni vitu vitatu vinavyowezekana mwaka huu. Cha kwanza, hakuna wodi yenye wagonjwa waliolazwa itakayoachiwa mtu mmoja usiku, wawili ndio mwanzo. Cha pili, rosta ibandikwe siku 14 kabla, na ikibadilishwa baada ya hapo mhusika akubali mwenyewe, au alipwe. Cha tatu nakisisitiza kuliko vyote: fomu ya upungufu. Karatasi ya nusu ukurasa, tarehe, zamu, wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi, nani alijulishwa na saa ngapi, inasainiwa na anayepokea zamu, nakala moja inabaki wodini na moja inakwenda tawini.

Nikueleze kwa nini. Dawa ikikosewa usiku ukiwa peke yako, shauri linaweza kufika Baraza la Uuguzi na Ukunga, na pale anayesimama ni mwenye leseni. Hospitali haina leseni ya uuguzi, wewe ndiye unayo. Nilimsindikiza dada mmoja kwenye kikao cha nidhamu cha kazini kwa jambo la aina hiyo. Alichokuwa nacho cha kujitetea ni mstari mmoja aliouandika kwenye daftari la ripoti saa 4 usiku: "Niko peke yangu, wagonjwa 34, wawili mahututi, nimempigia simu msimamizi wa zamu." Mstari huo ulimwokoa ajira. Fikiria kama usingekuwapo. Fomu ya upungufu ikiwa ndani ya mkataba wa hali bora, kuijaza hakuitwi tena ukorofi, ni sehemu ya kukabidhiana zamu.

Kuna mtego mmoja kwenye saa nikutahadharishe. Mwajiri mjanja ataomba muandike kwenye mkataba utaratibu wa wastani wa saa: wiki nyingine mfanye nyingi, nyingine chache, wastani upigwe kwa miezi. Sheria inaruhusu hilo kwa mkataba wa pamoja tu, hawezi kulifanya na mtu mmojammoja. Lakini ikiruhusu inadai wastani wa saa 40 za kawaida kwa wiki badala ya 45, na kipindi kisizidi mwaka. Akiutaka wastani, basi saa 5 za wiki ni zenu. Wengi husaini bila kujua kwamba walikuwa na kitu cha kuuza.

Usalama nitaupitia haraka, si kwa kuwa ni mdogo ila kwa kuwa hapa waajiri wengi hawabishi sana. Chanjo ya homa ya ini B, dozi zake tatu, kwa gharama ya hospitali. Akichomwa sindano mtu, dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, maana yake ziwepo na mwenye ufunguo wa kabati awepo hata saa 8 usiku. Hilo la ufunguo liandikeni, msicheke. Na kila ajali iripotiwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia, wewe hukatwi. Ongezeni usafiri wa anayeingia au kutoka gizani. Kwa waliojifungua, sheria inatoa siku 84 za likizo, 100 kwa mapacha, na inakataza mwajiri kumpanga usiku mjamzito aliye ndani ya miezi miwili ya mwisho au mama ndani ya miezi miwili baada ya kujifungua. Wauguzi wengi ni kina mama, jadilianeni kuuongeza huo muda. Kwenye tawi lenye wanachama zaidi ya 100, wawakilishi ni 15 na angalau 5 kati yao wawe wa kuwawakilisha wanawake, kwa hiyo sauti mtakuwa nayo mezani.

TANNA. Jiunge nayo, mimi ni mwanachama. Ni chama cha taaluma, kinashughulika na elimu, maadili na hadhi ya uuguzi, na siku ya wauguzi kinatupeleka uwanjani tumevaa vizuri. Lakini hakisaini mkataba wa hali bora na mwajiri wako, maana kazi hiyo sheria imempa chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa. Nchi nyingine wameviunganisha, Uingereza Royal College of Nursing ni taaluma na chama cha wafanyakazi kwa pamoja. Kwetu ni nyumba mbili. Na Baraza la Uuguzi na Ukunga ni la tatu, lile linasimamia leseni na kumlinda mgonjwa. Mtu asikutishe kwamba ukijiunga na chama cha wafanyakazi Baraza litakunyang'anya leseni. Havihusiani.

Wenzako wa hospitali za serikali wakikuhadithia ya kwao, sikiliza ila usinakili. Wao wana ngazi za mishahara za serikali na Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003, mlango mwingine kabisa.

Inchaji wenu ajaze fomu. Anayezuiwa kuwa chama kimoja na ninyi ni mfanyakazi wa ngazi ya juu ya menejimenti, na sheria imemweleza: anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kusaini mikataba ya pamoja kwa niaba yake. Inchaji wa wodi anapanga rosta na kuhesabu mashuka. Sera gani ametunga? Hata metroni, mara nyingi, hana mamlaka hayo, ingawa yeye mwacheni aamue mwenyewe, anakaa katikati ya moto mbili.

Na hofu yako ya kufukuzwa. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya uanachama wa chama, au kwa kushiriki shughuli halali za chama, si sababu halali kisheria, na ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali. Shauri la kuachishwa kazi linafunguliwa CMA ndani ya siku 30, usizipoteze ukizungushwa na ahadi za ofisini. Hiyo ndiyo sheria. Kwa uzoefu wangu, lakini, hakuna mwajiri anayeandika kwenye barua "umefukuzwa kwa sababu ya chama". Ataandika umechelewa, umetoka wodini, hukuvaa sare. Kwa hiyo miezi hii fika dakika 15 kabla, kabidhi zamu kwa maandishi, usiazimane zamu kwa simu bila inchaji kusaini. Na msijaze fomu mmojammoja kwa wiki tatu. Jazeni ndani ya siku mbili, 30 au 40 kwa mpigo, katibu wa chama wa wilaya azipeleke zote pamoja, zigongwe muhuri wa kupokelewa. Mikutano fanyeni nje ya saa za kazi.

Kuanzia leo piga picha rosta ya wodi yako kila inapobandikwa, na kila inapobadilishwa kwa kalamu. Wenzako wa wodi nyingine wafanye vivyo hivyo. Mkifikisha miezi mitatu nitafute tena, nitakuonyesha namna ya kuipaka rangi. Ila daftari la ripoti usilipige picha, mle mna majina na magonjwa ya watu. Ukihitaji kitu kutoka mle nakili tarehe, saa na idadi tu, kwa mkono wako.